Mafunzo ya Kutoka Kanisani

Katika Jamhuri Tulivu, nchi ambayo msomaji hataiona kwenye ramani yoyote kwa sababu ramani zote zimepelekwa kusahihishwa, hotuba ya kiongozi haipimwi kwa maneno yake. Maneno ni yale yale na kila mtu anayajua. Hupimwa kwa watu waliobaki inapokwisha. Waziri anayeanza na ukumbi uliojaa akamaliza na ukumbi uliojaa hupandishwa cheo, na anayemaliza na viti vitupu huteuliwa balozi katika nchi ya baridi kali. Ndiyo maana serikali, kwa hekima yake isiyolala, ilibuni mnyororo.

Makanisani ndiko mnyororo ulikofanya kazi nzuri kuliko kwingine kote. Jumapili yenye mgeni rasmi, vijana wa itifaki hufika mapema na pikapu, wakashusha minyororo na makufuli. Mahubiri yakiisha na mgeni rasmi akishika kipaza sauti, milango yote hufungwa kwa nje. Wala wananchi hawakulazimishwa kusikiliza. Walikuwa huru kabisa kutosikiliza, mradi wasisikilize humo humo ndani.

Katika kanisa la Kilima Kimya, kiongozi wa wahudumu wa mlangoni alikuwa Mama Drusila Mwasanguti, mwalimu wa michezo aliyestaafu, mwanamke wa mabega mapana na sauti ambayo haijawahi kuomba msaada wa spika. Kwa miaka mingi aliwapokea watu kwa tabasamu, akawapanga kwenye mabenchi, akawanyamazisha watoto kwa kuwatazama tu. Milango mitatu ya kanisa hilo aliijua kama anavyoijua mikono yake. Ule wa kaskazini, pembeni ya kwaya, hakuweza tena kuugusa bila kubanwa na kifua.

Mwaka uliotangulia, siku ya mgeni rasmi, jenereta la msafara lilikohoa moshi nyuma ya madhabahu. Mtu akapiga kelele, "Moto!" Moto haukuwepo. Kulikuwa na moshi kidogo na milango iliyofungwa, basi, na hivyo viwili vilitosha. Drusila alikuwa nje akiwaonyesha madereva wa msafara pa kuegesha. Alikimbilia mlango wa kaskazini, akauvuta kwa mikono miwili, mnyororo ukamjibu kwa kulia tu. Ndani, mtu alikuwa anagonga. Aligonga kwa nguvu, kisha akagonga polepole, kisha akaacha. Alikuwa Keziah, mdogo wake wa pekee, mwimbaji wa sauti ya kwanza, aliyebanwa pale na umati uliokuwa unataka hewa. Vijana wa itifaki walifika na ufunguo baada ya hotuba kumalizika, kwa sababu ndivyo ratiba ilivyosema.

Tume ikaundwa. Ikakaa hotelini muda wa kutosha kumaliza aina zote za samaki, halafu ikatoa taarifa. Chanzo cha maafa, ilisema, ni waumini kuwa na haja ya kutoka. Jenereta lilichunguzwa likaonekana kuwa lina nidhamu. Mnyororo nao ulichunguzwa, ukakutwa hauna hatia, ukarudishwa kazini na kulipwa posho ya usumbufu, ambayo mkurugenzi wa itifaki aliipokea kwa niaba yake.

Drusila aliisikia taarifa hiyo redioni akimenya viazi. Hakulia, maana alishalia vya kutosha. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa safi, haikuchanganyika na huzuni wala woga. Akaweka kisu mezani na kumwambia mama yake, Bibi Loise, ambaye miguu ilishamkatalia na alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko, "Mama, mlango ule hautafungwa tena watu wakiwa ndani. Labda niwe nimekufa."

"Usife," alisema Bibi Loise. "Ufungue tu."

*

Serikali haikulala. Ilitangaza kwamba kila kanisa liwe na Kikosi cha Usalama wa Ibada, na kila kikosi kipitie Mafunzo ya Kitaifa. Drusila alifurahi. Alivaa raba zake, akafunga kilemba vizuri, akaenda makao makuu ya wilaya akiwa wa kwanza kufika.

Mkufunzi alikuwa Kapteni Shimbo. Hakuna aliyejua alikuwa kapteni wa nini. Wenye kumbukumbu walisema cheo kilikuja pamoja na pikipiki. Aliingia ukumbini akitembea kama mtu anayekagua gwaride, ingawa mbele yake walikuwepo akina mama wa kwaya na wazee wawili wa kanisa waliokuja na mito ya kukalia.

"Adui wa usalama wa ibada ni nani?" aliuliza kwa kishindo.

"Moto," alijibu mama mmoja.

"Kosa!"

"Wezi wa viatu?" alijaribu mzee.

"Kosa kubwa zaidi! Adui wa usalama ni mtu anayetazama saa." Kapteni alishusha sauti, kama anayetoa siri ya taifa. "Mtu huyo hasimami ghafla. Kwanza husogeza makalio. Kisha hutafuta kiatu chake kwa kidole cha mguu. Kisha humgusa mtoto. Mkimwona anamgusa mtoto, mmeshachelewa. Mkalisheni angali kwenye makalio!"

Wakafanya mazoezi ya kukalishana. Siku iliyofuata wakafundishwa makofi: makofi ya kumkaribisha mgeni, makofi ya kumpa nafasi anywe maji, makofi ya kufunika kikohozi cha mtu anayekereka. Siku nyingine nzima ilikwenda kwenye utunzaji wa kufuli. Walilipaka mafuta, wakalifunga, wakalifungua, wakalifunga tena. Yaani walilifungua ili walifunge. Zoezi la kulifungua na kuliacha wazi halikuwemo.

Drusila akanyoosha mkono. "Afande, mtu akizimia ndani?"

"Anazimia akiwa amekaa. Ndiyo faida ya kukaa."

"Na moto ukitokea?"

Kapteni alimtazama kwa huruma. "Mama, moto hautokei palipo na mgeni rasmi. Ratiba haina nafasi hiyo."

Mtihani ulikuwa wa kujibu kwa mdomo, mbele ya wote. Swali lilikuwa moja: moshi unaonekana madhabahuni mgeni rasmi akihutubia, mhudumu utafanya nini? Wenzake walijibu mmoja mmoja kwamba watapiga makofi, na waliojibu kwa moyo zaidi wakasema watapiga na vigelegele. Zamu ya Drusila ikafika.

"Nitafungua mlango."

"Lisikilize swali vizuri, Mama."

"Nimelisikia. Nitafungua mlango."

"Mlango upi?" aliuliza Kapteni, akianza kutokwa jasho.

"Yote."

Mzee mmoja aliubana mto wake kifuani. Kapteni Shimbo alitangaza kwamba kwa jibu hilo Mama Mwasanguti ameshuka chini ya sifuri, na kwamba arudie mafunzo mwakani akiwa na mtazamo chanya. Drusila alichukua mkoba wake. Njiani kurudi nyumbani hakuona aibu hata kidogo. Alikuwa anapanga mazoezi kichwani, kama zamani alipokuwa akiiandaa timu ya netiboli ya shule ambayo haikuwa na mpira.

*

"Unataka wanifungie kanisa?" Mchungaji Elinami Ngowoko aliuliza, akiwa amejishika tama ofisini kwake. Alikuwa mtu mwema, mpole, na mwoga kiasi kwamba hata sala zake alizimaliza kwa kumwomba Mungu radhi kwa usumbufu.

"Baba Mchungaji, limeshafungwa. Ule mnyororo, kama haukulifunga kanisa, ulifanya nini?"

"Lakini mafunzo bila kibali..."

"Sitafundisha silaha. Nitafundisha watu kutoka nje. Hata mbuzi anajua."

Mchungaji alisugua paji la uso. Yeye ndiye aliyemzika Keziah, na siku ile alisoma neno huku sauti ikimkatika. "Sijakuruhusu," alisema hatimaye. Kisha akafungua droo, akatoa funguo za kanisa, akaziweka mezani karibu na mkono wa Drusila, akageuka kutazama dirishani. Aliendelea kutazama nje mpaka aliposikia mlango ukijibamiza.

Alhamisi baada ya sala, mazoezi yakaanza. Ya kwanza yalikuwa kichekesho. Drusila alisema, "Haya, ndugu zangu, tutoke," na kanisa zima, hata waliokaa ubavuni mwa mlango wa kaskazini, likageuka kama mtu mmoja na kuelekea mlango mkubwa. Wakabanana pale, wakaombana msamaha, wakasalimiana. Waliobanwa zaidi walikuwa wamekaa hatua chache tu kutoka mlango wa pembeni uliokuwa wazi, mtupu, ukipitisha upepo.

"Kwa nini hamkupita pale?" Drusila aliuliza.

Walitazamana. "Kwani tuliingilia pale?" akauliza mwanakwaya mmoja.

Drusila aliketi kwenye benchi akafikiri. Ndivyo ilivyo, mtu akipatwa na hofu hurudi alikoingilia, miguu haimuulizi. Basi tangu Jumapili iliyofuata akawapanga upya waumini nje ya kanisa: wanaokaa kaskazini waingie kwa mlango wa kaskazini, wa kusini kwa kusini, wa nyuma kwa mlango mkubwa. Walilalamika. Wapo waliozoea kuingia kwa mlango mkubwa wakiwa wamechelewa ili kofia zao zionekane na wote. Drusila hakuwabembeleza. Baada ya majuma machache miguu ikazoea, na kofia zikapata watazamaji wapya.

Zoezi la pili liliharibiwa na adabu. Wazee wawili, mmoja wao Mzee Obadia, fundi wa kuezeka, walifika mlangoni pamoja.

"Tangulia, mzee mwenzangu."

"Ah, siwezi. Wewe ndiye mkubwa."

"Nikutangulie mimi, watu watanionaje?"

Nyuma yao watu wakajaa. Wote walisubiri kwa heshima, maana nani atampita mzee? Drusila alikuja juu. "Baba zangu! Kama ni moto mngekwisha kuiva mkiwa bado mnapeana heshima! Mlangoni hakuna mkubwa. Aliye karibu ndiye anayetoka." Wazee walinuna. Ikabidi sheria hiyo ipigiwe kura, na ikapita kwa shida, kwa sharti kwamba wakifika nje wasalimiane upya kwa mpangilio unaofaa.

Zoezi la tatu watu walirudi kuchukua mikoba. La nne walirudi kuchukua sufuria la pilau. Drusila aligomba, akacheka, akagomba tena. Kelele hazikusaidia, kila akipaza sauti watu walikimbia ovyo. Akagundua kwamba kwaya ikianzisha wimbo wa mwendo wa kati, si wa mazishi wala wa harusi, kila mtu hutembea kwa mwendo ule ule na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kila benchi likapewa mtu wake wa kulitoa, na nje kila benchi likapewa mahali pake pa kusimama kwenye majani, ili kiongozi aulize na benchi liitike.

Bibi Loise alikataa kubaki nyumbani. Alitaka abebwe na kiti chake katika kila zoezi, na kila mara apitishwe mlango wa kaskazini. Mabinti wanne wa kwaya walimbeba, na yeye huko juu akiwafokea kama dereva wa lori la ng'ombe: "Nyanyua kona hiyo! Mnanibeba au mnanimwaga?" Siku moja walipomshusha kwenye majani, Drusila alimwona mama yake ameukazia macho ule mlango.

"Mmoja umemla," Bibi Loise alisema. "Mimi nitaupita nikiwa hai mpaka uchoke."

Drusila alimfunika mama yake khanga miguuni, akageuka upesi, akapuliza filimbi kuwarudisha watu ndani waanze upya.

*

Habari huwa haikosi miguu, na ya Kilima Kimya ilikuwa na pikipiki. Kapteni Shimbo alifika na vijana wake, akasimama mbele ya ofisi ya Mchungaji, akasoma mashtaka kwa kichwa: kufundisha raia kutoka bila kibali, kutembea kwa pamoja kwa nia ya kufika nje, na kumbeba bibi mzee kwa namna inayoishushia serikali heshima.

"Watu wakizoea kutoka makanisani," alisema, "kesho watatoka wapi?"

"Popote watakapofungiwa," Drusila akajibu.

Kapteni aliona ni afadhali azungumze na Mchungaji. Alimpa habari njema. Mheshimiwa Waziri wa Utulivu, Daktari Profesa Mhandisi Tegemea Bakampaka, aliyasikia maumivu ya Kilima Kimya, na sasa atakuja mwenyewe kuwafuta machozi. Ataleta zawadi. Zawadi yenyewe ni mnyororo mpya, uliopakwa rangi ya dhahabu, pamoja na kufuli jipya kutoka ng'ambo. Utazinduliwa Jumapili.

"Utepe utakatwa," alisema Kapteni, "na kwa ajili ya uponyaji wa taifa, atakayefunga mlango wa kaskazini kwa mkono wake, mbele ya kamera, ni Mama Mwasanguti. Ndugu wa marehemu. Mheshimiwa ameguswa sana na wazo hilo. Ni lake."

Mchungaji aligeuka kumtazama Drusila.

"Na nikikataa?" Drusila aliuliza.

"Kikosi chenu kinavunjwa, anawekwa kijana wangu mlangoni, na kanisa linasubiri kibali kipya. Vibali kwa sasa vimeisha."

Waliondoka wakiacha vumbi. Drusila alibaki amesimama. Safari hii aliogopa kweli. Hakujiogopea yeye. Akikataa, kijana wa itifaki atasimama mlangoni kila Jumapili na watoto, wazee, mama yake, wote watakuwa ndani. Akikubali, ataufunga mwenyewe, kwa mkono ule ule ulioshindwa kuufungua.

"Mwanangu," Mchungaji alisema kwa sauti ya chini, "utafanyaje?"

"Nitalibeba hilo kufuli," Drusila akasema. "Nitalibeba mpaka mlangoni. Zaidi ya hapo sijamwahidi mtu."

*

Jumapili ilifika na maturubai, zulia jekundu, spika kubwa kama makabati, na basi la wapiga makofi wa kuajiriwa. Waumini waliingia kila mmoja kwa mlango wake. Kanisa lilijaa. Bibi Loise aliwekwa mahali pake, na mabinti wanne wakakaa karibu naye wakiwa wamekunja mikono ya magauni.

Mheshimiwa Waziri alikuwa mtu mnene wa sura ya upole, mwenye miwani mizito. Alisifika kwa kusoma hotuba bila kuinua macho, kwani waandishi wake walimwonya kwamba akiinua macho hupoteza mstari, na ole wake nchi ambayo waziri wake amepoteza mstari. Alikata utepe. Mnyororo wa dhahabu ukainuliwa juu, wapiga makofi wakapiga wimbi zima. Kisha kufuli likaletwa juu ya mto wa hariri na kukabidhiwa Mama Drusila.

"Nenda, Mama," alinong'ona Kapteni Shimbo, na kutoka haraka ili amsubiri nje ya mlango wa kaskazini na mnyororo wenyewe.

Drusila alitembea. Kufuli lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alipita mabenchi ya kwaya, akapita nafasi aliyokuwa akikaa Keziah, ambayo hakuna mwimbaji aliyekubali kuikalia. Kamera ilimfuata. Alifika mlangoni, akakanyaga kizingiti, upepo wa nje ukampiga usoni. Hapo alitakiwa atoke, afunge. Aligeuka akawatazama watu wake.

Woga ulikuwa umemtoka wote. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya Alhamisi, "Ndugu zangu, mlango huu unataka kufungwa. Tutoke."

Mzee Obadia akasimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akampita mzee mwenzake bila kumwomba radhi. Kwaya ikaanza wimbo wa mwendo wa kati. Mabenchi yakasimama moja baada ya jingine, ya kaskazini kaskazini, ya kusini kusini. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyerudia mkoba. Bibi Loise alipita hewani juu ya kiti chake, ameinua kidevu, na safari hii hakumfokea mtu. Mchungaji Ngowoko alikunja joho lake akatoka na watoto wa Shule ya Jumapili wakiwa wamemshika kila mahali. Mpiga picha wa televisheni alitazama kulia, akatazama kushoto, akabeba kamera yake akawafuata, maana naye alikuwa na mke na watoto.

Wapiga makofi na wasaidizi walibaki vitini, maana walilipwa kukaa, na Mheshimiwa mwenyewe hakuona. Alikuwa ameshafungua karatasi zake, na pua yake imo ndani.

"Mabibi na mabwana," alianza.

Hayo ndiyo maneno ambayo vijana wa itifaki walifundishwa kufungia milango. Kapteni Shimbo, akiwa nje, aliwatazama waumini waliojaa kwenye majani. Akautazama mlango. Alijua kwamba kuna kitu hakiko sawa, lakini mafunzo yake hayakuwa na somo la kitu kutokuwa sawa. Akachukua kufuli mikononi mwa Drusila, aliyetoka wa mwisho, akafunga. Milango mingine nayo ikasikika ikifungwa, mmoja, na mwingine.

Nje, Drusila aliuliza benchi baada ya benchi, na kila benchi likaitika, "Tupo!" Akafika la kwaya. "Tupo," waliitikia, na Bibi Loise akaongeza peke yake, kwa sauti kubwa, "Tupo!" Ibada ikaendelea pale pale juani, huku spika za ndani zikieleza jinsi wananchi waliofurika humu walivyo na imani na serikali.

Hotuba ilikwisha. Wapiga makofi wa kuajiriwa walipiga makofi, lakini mlio wake ulikuwa wa chombo kitupu. Pengine hapo ndipo Mheshimiwa alipoinua macho. Kisha kitasa cha kaskazini kikatikisika.

"Fungueni," ilisema sauti.

Kapteni alijipapasa mifuko. "Ufunguo," alisema, "bado haujazinduliwa. Umepangwa mwaka ujao wa fedha. Za milango mingine anazo mkurugenzi, na yeye yumo ndani."

Ndani wakaanza kugonga. Hapakuwa na moshi, wala moto. Palikuwa na mlango uliofungwa, bati lililopata jua, na watu waliojua kwamba hawawezi kutoka. Waligonga kwa nguvu, kisha wakagonga kwa ngumi na miguu. Mwanamke mmoja wa wapiga makofi alisikika analia.

"Waache!" alisema mtu kwenye majani. "Nao wasikilize hotuba!" Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kitamu.

Drusila hakucheka. Alisimama akisikiliza mlango ule ukigongwa. Kusema kweli alitamani uendelee kugongwa. Aliwachukia waliokuwa ndani, wote, na chuki ile ilimkaa vizuri moyoni. Kisha kule ndani mkono mmoja ukaanza kugonga polepole. Alikwenda kwenye turubai la wageni, akaushika mtaimbo uliotumika kuchimbia mashimo ya nguzo, akarudi nao.

Kapteni alimzuia. "Mama, hilo kufuli limezinduliwa! Ni mali ya serikali!"

"Na hao waliomo ndani?"

Kapteni alifikiri. "Nao ni mali ya serikali."

"Basi chagua moja, mimi nimeshachagua. Pisha!"

Mzee Obadia na mabinti wa kwaya walikuwa wameshafika. Waliingiza mtaimbo kwenye pete za chuma, wakasukuma kwa uzito wa miili yao, na pete zikang'oka pamoja na kipande cha mbao. Mnyororo wa dhahabu ukaanguka. Mlango ukafunguka.

"Polepole," Drusila alisema, akiwa amesimama kando ya kizingiti. "Aliye karibu atoke. Msirudi kuchukua kitu."

Wakatoka wakihema, wapiga makofi, wasaidizi, mkurugenzi wa itifaki akiwa na kiatu kimoja. Mheshimiwa Waziri alitoka akiwa amelowa jasho, miwani imefunikwa na mvuke. Aliona majani, akaona umati wote unamtazama, na kamera nayo inamtazama. Akajikaza, akavaa tena uwaziri wake.

"Nani," alisema, akitafuta pumzi, "nani amekupa ruhusa ya kufungua mlango huu?"

"Keziah," Drusila akasema.

Waziri alimgeukia Kapteni. "Keziah ni nani? Ana cheo gani?"

Kapteni Shimbo aliinama kuokota mnyororo.

"Ni mdogo wangu," Drusila alisema. "Alisimama hapo hapo ulipokuwa umesimama. Aligonga kama ulivyogonga. Wewe umefunguliwa."

Mheshimiwa alipapasa karatasi zake mfukoni, akazitoa, akazitazama, na kwenye karatasi zile hapakuwa na mstari unaofaa. Umati haukupiga makofi wala haukuzomea. Ulisubiri jibu. Hatimaye Waziri aliokota kitu kimoja alichokijua. "Mkamateni," alisema kwa sauti ndogo.

Vijana wa itifaki walisogea bila haraka. Mchungaji Ngowoko alitoka katikati ya watoto akaja kusimama upande wa kushoto wa Drusila. Mzee Obadia akasimama upande wa kulia, mtaimbo ungali mkononi. Kiti cha Bibi Loise kikabebwa mpaka mbele yao, na benchi la kwaya likafuata, na la nyuma yake, kila mtu mahali pake kama walivyozoea.

Drusila alipita katikati ya watu wake, akanyoosha mikono miwili kuelekea kwa Kapteni.

"Nikamate," alisema. "Lakini nirudishe mapema. Alhamisi kuna mazoezi."

"Alhamisi," waliitikia mabenchi yote.